SEKONDARI YA KATA: SERIKALI INALIPA NINI, NA SISI TUNABAKI NA NINI?



Kila mwanzo wa mwaka ofisi ya miradi hupokea barua zinazofanana. Kamati ya maendeleo ya usharika imekaa, imekusanya fedha kiasi, na ingependa kusaidia shule ya sekondari ya serikali iliyo jirani nayo. Barua nyingi zinaomba ushauri juu ya kujenga darasa. Wafadhili wa mbali nao huuliza hivyo hivyo, na sababu yake inaeleweka: darasa lina ukuta, ukuta unapigwa picha, na kibao chenye jina la aliyetoa kinapata mahali pa kukaa.

Katika toleo hili tumeona ni vyema kueleza kwa kirefu jinsi shule hizi zinavyoendeshwa, watoto wetu wanavyosoma, wanavyocheza na wanavyoishi, ili kila kamati ijue mchango wake utaangukia wapi. Tumechagua kutazama jambo hili tukiwa Bonga, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati. Bonga inafaa kwa sababu ni mji na shamba kwa wakati mmoja. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2018, inapita hapa, na kipande chake cha mwisho kutoka Bonga hadi Babati mjini kina urefu wa kilomita 19.2. Ukiwa kwenye basi utasema umeshafika mjini. Ukishuka na kuingia ndani kwa miguu utakuta mahindi, mbaazi na alizeti, na nyumba zilizotawanyika mbalimbali.

Wapo wanaouliza kwa nini kanisa lijishughulishe na shule za serikali ilhali lina shule zake. Jibu ni kwamba watoto wengi wa washarika wetu wako huko. Ada ya shule za kanisa, hata ikipunguzwa, haiwezi kulipwa na mkulima wa ekari mbili. Aidha ushirikiano huu si mgeni: tangu mwaka 1992 makanisa na Serikali yana hati ya makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, na ndipo ilipoanzishwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC).

Shule hizi zilitoka wapi

Wazee wanakumbuka wakati ambapo kwenda sekondari kulikuwa kama bahati nasibu. Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), na kuanzia mwaka 2006 ikasukuma kwa nguvu kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walisomba mawe na mchanga na kufyatua matofali. Shule za sekondari za serikali nchini ziliongezeka kutoka 1,202 mwaka 2005 hadi 3,397 mwaka 2010. Katika miaka mitano idadi ilikaribia kuwa mara tatu.

Majengo yalitangulia, walimu na vitabu vikafuata polepole. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata sifuri, yaani zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani. Serikali iliunda tume, na baadaye mwaka huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Pia mwishoni mwa mwaka 2012 lilitoka agizo la Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, ndani ya miaka miwili. Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa habari za michango ya maabara. Kuna watu waliouza kuku.

Tangu hapo upande wa majengo umetazamwa sana. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, na 12,000 kati ya hayo yalikuwa ya sekondari. Mwaka uliofuata yakaongezwa mengine 8,000. Hatusemi kwamba hakuna shule inayohitaji darasa. Tunasema darasa ni kitu ambacho Serikali yenyewe imeonyesha inaweza kukijenga, na inakijenga kwa wingi kuliko usharika wowote utakavyoweza.

Ada ilifutwa, gharama hazikufutwa

Kuanzia Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa. Kabla ya hapo mwanafunzi wa kutwa alilipa Sh. 20,000 kwa mwaka, na wa bweni Sh. 70,000. Sasa Serikali hupeleka shuleni fedha za kufidia ada hiyo pamoja na ruzuku ya uendeshaji. Mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita.

Hili ni jambo kubwa. Hata hivyo, katika vikao vya sharika tumesikia mara nyingi neno "elimu bure" likitumika kana kwamba mzazi hana tena kazi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulioeleza mpango huu uligawa majukumu. Serikali inabeba ada, ruzuku, mishahara ya walimu na mitihani. Mzazi anabaki na sare za shule na za michezo, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto, na chakula cha mchana kwa mwanafunzi wa kutwa.

Tunaomba kila mwanakamati asome tena maneno hayo ya mwisho. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa hakimo katika fedha za Serikali. Kimeachwa kwa mzazi, na sekondari za kata karibu zote ni za kutwa. Penye mzazi mwenye uwezo na uongozi wa shule ulio makini, watoto wanakula. Pasipo na kimojawapo, wanashinda na njaa. Hapa ndipo tunapoona pengo ambalo usharika unaweza kulijaza kuliko mtu mwingine yeyote.

Siku ya mwanafunzi

Tumchukue mwanafunzi wa kidato cha pili anayekaa kilomita 7 kutoka shuleni. Masomo huanza mapema, na kabla yake kuna usafi na mstari. Ili asichelewe inampasa aondoke nyumbani kabla ya saa 12 asubuhi, kwa maana kilomita 7 kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu. Kama ni msichana, atakuwa ameamka saa 10 au 11 alfajiri ili achote maji na kufagia. Chai wakati huo mara nyingi haijaiva. Anaingia darasani akiwa amechoka tayari.

Vipindi ni vya dakika 40. Vya mwanzo huenda vizuri. Kufika saa 6 mchana mtoto ambaye hajala kitu tangu ugali wa jana usiku hamsikilizi tena mwalimu, hata kama macho yake yako ubaoni. Ikumbukwe kwamba ratiba haijali njaa: Hisabati au Fizikia inaweza kupangwa kipindi cha saba au cha nane kama somo lingine lolote. Masomo yakiisha alasiri yapo mazoezi ya michezo, masomo ya ziada au kazi za shule, kisha zile kilomita 7 za kurudi. Anafika nyumbani jua likizama, na kazi za nyumbani zinamsubiri. Saa ya kujisomea inakuja wakati kibatari kinazimwa ili kuokoa mafuta.

Wenye wasiwasi na nidhamu ya vijana wa siku hizi tunawaomba waitembee njia hiyo siku moja tu, kwenda na kurudi, bila kula.

Masomo, na namna ya kusoma matokeo

Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote saba. Anapofika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza: biolojia, jiografia, hisabati na mengineyo. Kuna kozi fupi ya lugha mwanzoni mwa mwaka, lakini wiki chache haziwezi kubeba mzigo wa miaka saba. Katika madarasa mengi mwalimu husema jambo kwa Kiingereza, hulirudia kwa Kiswahili ili lieleweke, kisha huandika muhtasari ubaoni kwa Kiingereza, nao wanafunzi wananakili. Mtihani unapokuja, mtoto anaweza kuwa anajua jibu na asijue swali limeuliza nini.

Kuanzia mwaka 2024 umeanza pia kuingia mtaala ulioboreshwa, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kwa wazazi wa Bonga habari ya amali si ndogo, kwani fundi mzuri wa umeme au wa kuchomelea hakosi kazi kando ya barabara kuu. Tutalieleza jambo hilo katika toleo lingine.

Kuna mambo mawili yanayochanganya kamati na wafadhili wanapoletewa matokeo ya kidato cha nne. La kwanza ni neno "kufaulu". Baraza la Mitihani la Taifa (NECTA) hutoa alama A hadi F. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi na pointi zake kujumlishwa. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Wote wa daraja la kwanza hadi la nne huhesabiwa wamefaulu.

Sasa tufanye hesabu. Mwanafunzi aliyepata D mbili na F tano ana pointi 8 na pointi 25, jumla 33. Huyo ni daraja la nne, amefaulu. Lakini kidato cha tano hakimpokei, maana kule wanataka angalau C tatu. Kwa hiyo shule inaweza kutangaza kwamba watoto 85 katika kila 100 wamefaulu, na usharika ukafanya sherehe, huku wanaoweza kuendelea na masomo wakiwa wachache sana. Kamati inapotembelea shule isiulize asilimia ya ufaulu peke yake. Iulize wangapi wamepata daraja la kwanza, la pili na la tatu, wasichana wangapi na wavulana wangapi, na mwaka jana hali ilikuwaje.

Jambo la pili ni Hisabati. Kwa miaka mingi ndilo somo linaloangusha watoto wengi zaidi nchini, ambapo wanaofaulu ni robo ya watahiniwa au pungufu yake. Usione shule jirani imeshindwa Hisabati ukadhani mwalimu wake ni mvivu. Huenda yuko peke yake kwa vidato vyote vinne.

Usharika unaweza kusaidia hapa bila fedha nyingi. Majengo yetu mengi ya ibada na kumbi hukaa tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Yakiwekwa taa za umeme wa jua, meza, na vitabu vya kiada vya masomo makuu, mtoto anayekaa karibu anapata saa mbili za kusoma jioni. Mwinjilisti au mwalimu mstaafu anaweza kukaa hapo kuangalia usalama. Tunashauri milango iwe wazi kwa watoto wa madhehebu na dini zote, na tunasema hivyo waziwazi kwa sababu swali hilo limeulizwa.

Michezo

Tusingependa michezo ipitwe haraka, kwani katika nchi hii yetu ya juu, Mbulu, Hanang, Karatu, Babati hadi Singida, kukimbia ni urithi. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, ni mtu wa Mbulu. Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, anatoka Karatu. Gidamis Shahanga wa Hanang alileta dhahabu ya marathoni kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978, na dhahabu ya mita 10,000 kutoka Brisbane mwaka 1982. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Pua na pua!

Njia ya mtoto wa sekondari kuonekana ni mashindano ya UMISSETA. Yanaanzia shuleni, yanapanda kwenye kata, halmashauri na mkoa, kisha ngazi ya taifa ambayo hufanyika katikati ya mwaka. Mwaka 2021 yalifanyika Mtwara, na mwaka 2022 yakahamia Tabora. Humo kuna riadha, soka, netiboli, wavu, kikapu na mpira wa mikono. Wapenzi wa soka wa Babati nao wamepata hamasa tangu Uwanja wa Tanzanite Kwaraa ulipoanza kupokea mechi za Ligi Kuu.

Mambo mawili yanaiangusha michezo ya shule za kata. Kwanza ni uwanja. Kila jengo jipya linapokuja, macho ya watu huenda kwenye kiwanja cha mpira kwa sababu ndiyo ardhi tambarare iliyobaki. Kamati zilizo na wajumbe katika bodi za shule zitetee kiwanja kisimegwe, na kile cha netiboli pia, kwa maana kile cha wasichana ndicho hutangulia kumezwa. Pili ni chakula kile kile. Huwezi kumfanyisha mazoezi ya mbio mtoto ambaye amekwisha kutembea kilomita 7 na atatembea nyingine 7, tumbo likiwa tupu. Tumeona sharika zikinunua jezi na mipira, nasi tunashukuru. Ila jezi juu ya mtoto mwenye njaa haimwongezei mwendo.

Geto

Familia nyingi zilizo mbali na shule hutafuta njia ya mkato: humpangia mtoto chumba karibu na shule, peke yake au na wenzake wawili watatu. Vijana wenyewe huita geto. Mzazi huleta unga na maharage mwisho wa juma, na siku zilizobaki mtoto wa miaka 14 au 15 anajilea mwenyewe.

Kwa upande wa muda geto ni nafuu, kwani zile saa tatu za barabarani zimeokolewa. Kwa upande wa usalama ni hatari, hasa kwa wasichana. Unga unapoisha Jumatano, atakayetoa chipsi au lifti ya bodaboda hatoi bure. Sheria ni kali: tangu mwaka 2016 anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela. Lakini sheria hufika baada ya tukio, na mara nyingi familia mbili hukaa na kuyamaliza kimya kimya. Wazee wa kanisa wasikubali kuwa mashahidi wa mapatano ya namna hiyo.

Msichana aliyekwisha kujifungua naye ana haki ya kurudi. Novemba 24, 2021 Serikali ilitangaza kuondoa zuio lililokuwepo, na sasa mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaweza kurejea katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Bado wapo wazazi wasiojua habari hii. Itangazwe kanisani, na isitangazwe kwa sauti ya kulaumu.

Hosteli ndiyo tiba ya kudumu zaidi, lakini ina gharama za kila siku za mlinzi, matroni, maji na chakula. Hosteli isiyo na bajeti ya uendeshaji hugeuka kuwa geto kubwa. Hatuungi mkono maombi ya hosteli yasiyoonyesha nani atamlipa matroni katika mwaka wa tatu. Kwa usharika usio na uwezo huo, jambo linalowezekana kesho asubuhi ni kutambua mageto yaliyo katika eneo lake, kumpa kila mama wa jumuiya vyumba viwili vitatu vya kuvitembelea, na kuzungumza na wenye nyumba. Vikundi vya wanafunzi, ikiwa ni pamoja na UKWATA, vinajua vyema nani anaishi wapi na nani hajala.

Hesabu ya makande

Tumefanya hesabu ili kamati zione kwamba jambo hili lina ukubwa unaopimika. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Tukimpa kila mwanafunzi gramu 200 za mahindi na gramu 60 za maharage au mbaazi kwa mlo mmoja wa makande, kwa mwaka mzima atahitaji kilo 39 za mahindi na karibu kilo 12 za jamii ya kunde. Yaani debe mbili za mahindi na sehemu ya debe la mbaazi. Kwa shule yenye wanafunzi 400 ni magunia 155 ya kilo 100 ya mahindi, na magunia 47 ya mbaazi au maharage. Ongeza chumvi, mafuta, mshahara wa mpishi na nishati ya kupikia.

Debe mbili si nyingi kwa familia ya Bonga, mradi ziombwe kwa wakati. Shule nyingi huitisha mchango wa chakula Januari shule zinapofunguliwa. Huo ni wakati mbaya kuliko yote: ghala linaelekea kwisha, mbegu zinanunuliwa, na sare mpya zinadaiwa. Mahindi ya eneo hili huvunwa kati ya Juni na Agosti, na mbaazi hufuata. Mchango wa mwaka ujao ukusanywe wakati huo, kwa mazao, si kwa fedha. Mwaka 2017, India ilipowekea mbaazi kikomo cha kuingiza, bei iliporomoka hadi wakulima wengine wakaziacha shambani; mzazi aliyedaiwa fedha alikwama, ilhali mbaazi alikuwa nazo. Sikukuu zetu za mavuno zinaangukia majira haya haya. Usharika unaweza kuamua sehemu fulani ya magunia ya mavuno isiende mnadani, bali iende jikoni mwa shule kwa ajili ya watoto wa familia zisizo na debe hata moja.

Lakini mahindi yanayokaa miezi kumi yanahitaji uangalizi. Dumuzi anaweza kuyageuza unga kabla ya Pasaka. Hatari zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Kwa hiyo nafaka ya shule ikaushwe juu ya turubai, si ardhini, na ipimwe kabla ya kupokelewa. Kipimo rahisi ni chupa kavu ya kioo: weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Yaliyokauka yahifadhiwe katika mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, juu ya chaga, katika stoo isiyovuja. Mfadhili anayetaka kuona jengo, stoo hiyo ni jengo, na jiko sanifu ni jengo. Tena Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na shule nyingi hazina mtaji wa kubadilisha.

Mchango upite wapi

Januari 2018 Rais Magufuli alizuia walimu kukusanya michango na akaelekeza kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Anayependa kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Usharika usimkabidhi mwalimu mkuu bahasha, hata kama ni mtu mwema. Unamweka mahali pabaya. Anzeni na bodi ya shule na ofisi ya mtendaji wa kata, mwandike barua kwa mkurugenzi, na mazao yapokelewe kwa hati mbele ya mjumbe wa wazazi. Orodha ya watoto wa kusaidiwa itengenezwe na mwalimu wa malezi, viongozi wa mtaa, na wawakilishi wa makanisa na msikiti kwa pamoja. Majina hayo yasisomwe kanisani. Wakati wa kula kusiwe na sahani ya waliochangia na sahani ya wasiochangia. Sufuria ni moja, na foleni ni moja.

Kwa maandalizi ya msimu ujao, kila kamati ya usharika iliyo jirani na sekondari ya kata inaombwa kuleta ofisi ya miradi, kabla ya mwisho wa Juni, maelezo ya ukurasa mmoja yenye mambo yafuatayo: idadi ya wanafunzi wa shule hiyo, wangapi wanakula mchana na wangapi hawali, umbali wa anayetoka mbali zaidi, hali ya stoo na jiko, na magunia ambayo usharika unakadiria kuyatenga kutoka mavuno. Wafadhili wanaopenda kushiriki watapatiwa maelezo hayo Julai, kabla nafaka haijaanza kusafirishwa kwenda masoko ya nje ya mkoa na bei kupanda.